Sanduku Lililofukuza Mvua

Kwa msimu mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba sanduku la kukaushia mboga lilikuwa likifukuza mvua kutoka upande wetu wa Mitaboni. Sikuamini nusunusu. Asubuhi nikitoka nje nilikuwa naangalia kwanza ng'ambo ya bonde, lilikokaa, ndipo niangalie mbinguni. Na kilichofanya imani yangu iwe nzito kuliko ya jirani zangu ni kwamba sanduku lenyewe nililiunda mimi. Nilipiga randa kila ubao, nikapigilia kila msumari. Ni fundi gani mwingine, kuanzia hapa mpaka Kithyoko, amewahi kupiga msumari wingu likabadilisha njia? Msinicheke mapema. Mtu akiambiwa kuwa mbingu zinaogopa kazi ya mikono yake, kukataa ni vigumu.

Cheti hicho nilikipata kwa masomo ya jioni nikiwa Athi River. Mchana nilikuwa kiwandani nikibeba magunia, jioni nikipigana na Fizikia huku nusu ya darasa ikikoroma na nusu nyingine ikitamani kukoroma. Niliporudi nyumbani na kufungua karakana ya useremala, nilikuwa mtu pekee katika kijiji chetu aliyeweza kueleza kwa nini hewa moto hupanda. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilieleza.

Habari ya sanduku ilianzia kwenye jicho la mke wangu. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto tulimtarajia mwisho wa Agosti. Siku moja ya Machi, kliniki, muuguzi alimvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta kitu kisimani, kisha akaguna.

"Huku ndani kumekuwa kweupe, mama. Damu ni kidogo. Ukifika siku ya kujifungua hivi, utatutia wasiwasi sisi wote. Hizi tembe utameza, lakini pia mboga za majani, kila siku. Na si kijiko cha kuonja. Sahani."

"Mpaka lini?" mke wangu akauliza.

"Mpaka ujifungue. Na baada ya hapo uendelee."

Asiyetujua atasema, hiyo nayo ni shida? Si nyinyi ni wakulima? Ngoja nikueleze. Aprili, milima yetu ni ya kijani mpaka macho yanauma. Kunde huota hata mahali hujapanda, na mbuzi akipelekewa majani yake anageuza uso kama mgeni aliyeshiba. Lakini fika Julai uone. Ardhi inakuwa ngumu, kuku akichakura unaona cheche. Walio na maji ya mto hupanda mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa Ulaya, na mishiri hiyo hupanda ndege. Imetembea dunia kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, na hakuna hata mmoja wetu anayejua inavyopikwa. Sukuma wiki ya sokoni hutoka mbali juu ya lori na hufika imechoka, kiasi kwamba ukinunua fungu unalipa pole kwanza. Julai na Agosti sisi tulikuwa watu wa ugali na chai, na muthokoi kwa aliyebakisha mahindi na maharagwe. Mboga za majani tulikuwa tunaziona kwenye picha ya ukutani pale kliniki.

Kwa hiyo mke wangu alikuwa ameambiwa ale, kwa miezi mitatu ya kiangazi, kitu ambacho kwetu hakikuwepo. Tulirudi nyumbani kimya. Mimi kukaa kimya ni jambo la ajabu. Majirani waliuliza kama tumefiwa.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kikundi cha akina mama, wale wa mwethya, wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na anayechimbiwa ndiye anayepika. Mke wangu alikuwa mmoja wao tangu akiwa msichana. Afisa wa kilimo aliwaitisha mkutano, na kwa sababu wanaume pia tulialikwa, nilienda. Kijana huyo alikuja na karatasi kubwa yenye picha za vyakula bora: matufaha, zabibu, maziwa, na samaki mzima mwenye kichwa. Susu mmoja, bibi mwenye miaka kama elfu moja hivi, aliinua mkono akauliza kama yule samaki pia tutampanda au atakuja na mvua.

Kijana alicheka, na mimi nilimpenda hapo hapo kwa kucheka kwake. Akaikunja karatasi, akaomba kigoda, akaketi.

"Basi niambieni nyinyi," akasema. "Agosti mnakula nini?"

"Agosti?" mama mmoja akajibu. "Agosti tunakula Julai iliyobaki."

"Na Aprili?"

"Aprili! Aprili kunde zinatufuata mpaka kitandani. Nyingine tunawapa mbuzi, nyingine zinazeeka zikiwa shambani."

Ndipo mwenyekiti wa kikundi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwa hivyo shida si mboga. Shida ni kwamba Aprili haifiki Agosti."

Watu wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja alikumbuka mama yake akianika kunde juu ya mwamba, nusu zikaliwa na mbuzi, nusu zikaliwa na vumbi, na zilizobaki jua likazinyonya rangi zikawa kama tumbaku. Afisa akachora sanduku mavumbini kwa kijiti: miguu, nailoni ya kuona ndani juu yake, trei za wavu katikati. Akina mama wakafuta, wakachora upya. Miguu iwe mirefu, mbuzi wasifike. Mlango uwe mpana, mtu apitishe trei bila kukwaruza vidole. Matundu chini na juu, majani yasitoke jasho. Kufikia mwisho kijana wa watu alibaki na kijiti tu. Mchoro wote ulikuwa wao.

"Fundi yuko?" mwenyekiti akauliza, akiwa ametazama upande mwingine kabisa.

"Yuko huku nyuma, amejificha."

"Mwambieni mbao asilete mbichi."

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake wana nthoni, yaani heshima iliyochanganywa na aibu mpaka huwezi kutenganisha. Hamsalimiani ana kwa ana, hamtazamani machoni, hamketi kivuli kimoja, na boma lake huingii hivi hivi. Nikimwona njiani, naingia kichakani. Akiniona yeye kwanza, anaingia yeye. Kuna siku tuliingia wote wawili, kila mtu na kichaka chake, na njia ikabaki tupu mpaka mbuzi wa watu wakapita wakishangaa. Siku hizi vijana wengi wameziacha hizo habari, wanakula chapati meza moja na mama mkwe na kumpigia simu kumsalimia. Lakini yeye alikuwa wa zamani, na mimi nilimwogopa kuliko mtihani wa Hesabu. Tangu nioe sikuwa nimesikia neno moja kutoka kinywani mwake likinielekea mimi moja kwa moja. Vipimo vyote vya sanduku vilipita kwa mke wangu. "Mwambie huyo mtu miguu iongezwe." "Mwambie mama miguu imeongezwa." Mke wangu alivuka lile bonde mara nyingi mpaka nikaona njia imeingia chini.

Nililiunda kwa mbao kavu za mgrevilea, imara kiasi kwamba ndovu angeweza kulala juu yake na kuota ndoto. Akina mama walilibeba wakiimba, wakaliweka katika boma la mama mkwe, kwa sababu jua la pale halina kizuizi kuanzia asubuhi. Wakawa wanachuma majani ya kunde, wanayapitisha kwenye maji moto yenye chumvi kidogo, wanayatandaza kwenye trei. Jioni yanatoka makavu lakini bado ya kijani, yanalia kama karatasi ukiyashika. Fungu la kwanza lilitengwa kwa mke wangu. Waliandika jina lake juu ya debe kwa makaa, na wenzake wenye watoto wadogo wakafuata.

Halafu mvua ikakatika.

Ilikuwa imeanza vizuri, ikatuchekesha, ikatupandisha mbegu. Kisha katikati ya Aprili, mahindi yakiwa magotini, ikaondoka bila kuaga. Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, yanatuangalia, yanaenda zao.

Nilikuwa kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, nasubiri zamu yangu, wakati jirani yangu wa shamba la chini aliponisogelea. Huyu ni mtu mpole, mwenye watoto wengi na shamba dogo.

"Fundi, uliona wingu la jana?"

"Nililiona."

"Lilitoka huko juu limebeba maji, zito, linaburuta tumbo. Likafika kwa mama mkwe wako. Likaona lile sanduku."

"Likafanya nini?"

"Likapinda! Kama matatu iliyoona polisi."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye kikopo cha mahindi akasema polepole, "Hata mimi niliona."

Mimi ni msomi. Sikukubali hivi hivi, nilichunguza. Kila asubuhi nilisimama mlangoni mwa karakana nikatazama ng'ambo. Siku sanduku likiwa nje, nailoni inang'aa, basi jua kali, hakuna hata tone. Siku likiwa limefunikwa kwa turubai, kunakuwa na manyunyu! Haikukosea hata siku moja. Niliporudi posho mill nilikuwa na ushahidi wa kumfunga mtu maisha.

"Nailoni inashika joto," nikawaambia, nimepanda juu ya gunia la pumba. "Joto linaenda wapi? Linapanda. Wingu ni nini? Ni maji baridi yaliyokaa juu. Sasa niambieni, wewe ukiwa umekaa, mtu akuwekee jiko chini yako, utakaa?"

"Sikai!" wakajibu.

"Basi na wingu halikai."

"Prof!" wakapiga makofi. "Huyu ni prof kabisa!"

Uvumi ule ulikuwa unachechemea; mimi niliuvalisha viatu. Jumapili ulitoka na Wakatoliki baada ya misa na Waprotestanti baada ya ibada, ukafika Kathiani, na uliporudi ulikuwa umenenepa: sasa sanduku lilikuwa linavuma likiwa peke yake, na lilikuwa limekausha kisima cha mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Lakini sitaki mtu adhani jirani zangu walikuwa wabaya. Jirani wa shamba la chini alikuja karakana jioni moja na wenzake wawili. Hakugomba. Aliketi juu ya mbao, akachukua maranda akawa anayakunja kidoleni.

"Mimi sina neno na akina mama," akasema. "Wanafanya kitu kizuri. Lakini mahindi yangu yamebakisha wiki moja. Yameanza kufunga majani, yanajishika yenyewe. Niko na watoto, fundi. Wewe ndiye ulilifunga, wewe ndiye unajua kulifungua."

Nilimwona anavyonitazama, na nilijua anaomba. Angekuja na rungu ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameketi na sahani yake ya kunde mbichi, akila kwa bidii kama mtu anayefanya kazi ya ofisi.

"Nataka nilifungue kidogo," nikasema. "Si kulivunja. Mvua ikinyesha nalirudisha."

"Ukilifungua sasa, kunde zitakauka na nini? Zikiisha shambani zimeisha. Na mimi Agosti nitakula nini, misumari?"

"Na mahindi yakifa, Agosti tutakula nini sisi wote?"

Aliweka mkono juu ya tumbo lake. Hakuwa mtu wa kulia, lakini sauti yake ilishuka.

"Yule muuguzi alisema sahani kila siku. Hukuwa nje, ulisikia na masikio yako. Muulize mama kwanza."

"Nimuulize vipi? Kwa redio?"

Akavuka bonde mwenyewe. Aliporudi nilikuwa mlangoni.

"Amesema usiliguse."

"Na sababu?"

"Hakutoa sababu. Nilipomwambia mnasema linafukuza mvua, alicheka mpaka akaketi chini. Alidhani ni mzaha wako."

Hilo lilinichoma. Mtu na elimu yake, achekwe? Jumamosi nilichukua nyundo na koleo, nikaandamana na jirani na wale wenzake wawili, tukavuka bonde. Tulitembea kwa hasira nzuri kabisa mpaka tulipofika kwenye ua wa mama mkwe. Hapo miguu yangu ikakata stima. Nchi nzima ina mahali pengi pa kuweka sanduku, na langu lilikuwa limewekwa mahali pekee duniani ambapo siwezi kuingia. Wenzangu nao ni Wakamba, walielewa. Tulisimama nje ya lango kama watu waliokuja kuposa wakasahau mahari.

Ndani, akina mama watatu walikuwa wanageuza majani. Mke wangu alikuwa ametutangulia kuja kusaidia. Mama mkwe alituona, akajitanda leso kichwani, akatupa mgongo.

"Mwambie mama," nikamwambia mke wangu, aliyekuja kusimama langoni, "nimekuja kulichukua kwa wiki moja tu."

"Mama, anasema wiki moja."

"Mwambie kunde hazijui wiki."

"Anasema kunde hazijui—"

"Nimesikia. Mwambie watu wanaumia."

"Anasema watu—"

"Nimesikia. Mwambie hata wewe unaumia. Amuulize muuguzi."

Jirani yangu alikohoa. "Hawa watu wanasikiana vizuri kuliko kanisani," akanong'ona. "Mbona wanamchosha huyu na tumbo lake?"

Nilikuwa natafuta jibu zito, lenye Fizikia ndani, wakati upepo ulipogeuka. Ulitujia usoni ukiwa na harufu ya vumbi lililolowa. Juu ya kilima wingu lilikuwa limesimama, jeusi, tayari limefunika nusu ya mlima. Mama mkwe aliinua kichwa mara moja tu, akapaza sauti, na akina mama wakaruka. Mmoja alivuta trei akakimbia nazo jikoni, mwingine akaenda kutafuta turubai lililopeperuka.

"Umeona?" nikamshika jirani bega, nikimtikisa. "Umeona? Wanalifunika tu, mvua hiyo inakuja! Joto limekatwa!"

"Inakuja kweli!" akasema, na machozi yalimlenga.

Matone ya kwanza yalikuwa makubwa kama mayai ya kware. Turubai lilikuwa limenasa kwenye miiba ya ua, na sanduku bado lilikuwa na trei chini, zimejaa. Ilibidi libebwe zima mpaka chini ya paa. Mama mkwe alishika upande mmoja. Na upande wa pili nikamwona mke wangu anainama, anashika mguu wa lile sanduku nililoliunda kwa ajili ya ndovu, na mimba yake ya miezi mitano.

Sijui niliangusha nyundo wapi. Siikumbuki nthoni, silikumbuki lango. Ninachokumbuka ni kwamba nilimsogeza mke wangu kwa bega, nikashika mguu ule, nikainua. Jirani aliingia akashika katikati. Tulilikimbiza lile sanduku huku mvua ikitupiga kisogoni, tukaliingiza chini ya paa, na tulipolitua niliinua macho. Upande wa pili wa nailoni, umbali wa mkono, uso kwa uso, alikuwa mama mkwe wangu.

Mvua ile haikukaa sana, ila ilirudi tena siku chache baadaye, na mahindi ya jirani yalipona nusu yake. Kunde za trei zile za chini ziliingia debeni salama. Mke wangu alizila Juni, Julai na Agosti, zimelowekwa na kukaangwa kwa kitunguu, wakati mwingine na maziwa juu, mpaka akasema ataota mizizi. Muuguzi alipomvuta kope mara ya mwisho hakuguna; aliuliza amekula nini, kisha akauliza kama tunaweza kumletea debe moja. Binti yetu alizaliwa akipiga kelele za kusikika Machakos mjini. Mke wa jirani naye aliingia kikundi, na mwaka uliofuata niliunda masanduku mengine mawili.

Lakini hayo yote yalikuwa mbele bado. Siku ile tulikuwa chini ya paa, mabati yanaunguruma, maji yanatuchuruzika, na hakuna aliyejua atazame wapi. Nilisubiri mama mkwe ageuke. Hakugeuka. Na mimi, kwa furaha na kwa ugonjwa wangu wa kutoweza kunyamaza, nikauambia ukuta, "Si mmeona? Limeondolewa juani, na mvua imekuja."

Mama mkwe alijifuta uso kwa ncha ya leso. Aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na hakumtafuta mtu wa kumtuma.

"Mtoto wa watu," akasema, "sisi ndio tunaangalia mbingu kwanza. Tukiona jua, tunaliweka nje. Tukiona mawingu, tunalifunika, kwa sababu kunde zikilowa zinaoza. Hakuna kitu kinafukuza mvua hapa."